Robota la Kurudi Kazini

Msinitolee macho. Mmeuliza nani alimtwisha Mwinyimvua lile robota, nami nawajibu: ni mimi, Zakayo wa Masasi. Kuna wanaosema Mungu ndiye aliyepanga. Hee! Mungu mwacheni, kwenye lile lori tulikuwa mimi na Uwesu msimamizi.

Mwinyimvua alikuwa mpagazi hapa Kariakoo miaka kumi na tisa, Mzaramo wa Kisarawe, mtu wa maneno mengi. Kazi yetu ni kushusha mitumba kwenye lori na kuipandisha stoo, ghorofa ya tatu, kwa ngazi. Unainama nyuma ya gari mpaka mgongo unalala kama meza, aliye juu anasema "haya," anakuachia robota, unaliweka sawa kwa kisogo, unaondoka mbio. Mwinyimvua alishapinda hata akienda msikitini. Tulimwita Kibiongo mbele ya mkewe, Tatu, tukacheka, na yeye akacheka.

Mwaka jana mguu wake wa kushoto ukaanza kufa ganzi. Tatu akamburuta hadi hospitali moja kule Upanga, kwa binti wa mazoezi ya viungo anaitwa Nasreen. Jamaa alitegemea sindano, akapewa masharti. Kila asubuhi asimame ukutani: visigino, makalio, mabega na kisogo viguse ukuta, kidevu akirudishe ndani, ahesabu mpaka mia. Akiokota kitu akunje magoti, mzigo aukumbatie kifuani, mgongo ubaki umenyooka. Na kubeba kwa kisogo, basi tena.

"Baba, ukibeba vile tena, miguu utaiaga," Nasreen alimwambia.

Kwake Buguruni kuta zote zimezibwa na kitanda na masufuria, kwa hiyo akawa anakuja kusimama kwenye ukuta wa stoo yetu. Wiki sita hakugusa mzigo, Tatu ndiye aliyelisha nyumba kwa kukaanga mihogo. Na sisi tulimfanyia vituko! Bryson, mpagazi mwenzetu, alikuwa akimpigia saluti. Mimi nilimuuliza kama anapiga picha ya pasipoti, nikamrushia maganda ya chungwa. Yeye anahesabu tu.

Kisha akanyooka. Nasema akanyooka, jamani! Kumbe alikuwa mrefu kunizidi. Akanijia siku moja, akaniambia kwa sauti ya chini, "Zaka, usiku sasa nalala. Mguu unarudi. Njoo usimame na wewe, mgongo wako nauona unavyoenda." Siwafichi, roho iliniuma. Mtu tumepinda wote, leo ananitazama kutoka juu na kunihurumia.

Sasa, sisi wapagazi tuna mila yetu. Mtu akitoka kuugua harudi kundini hivi hivi. Anabebeshwa robota la kurudi, zito kuliko yote ndani ya gari, alifikishe stoo bila kulitua njiani. Akilitua, nafasi yake anapewa mwingine. Hakuna aliyewahi kuiruka mila hiyo, na mimi mwenyewe nililibeba baada ya malaria.

Siku aliyorudi kulikuwa na robota la mapazia, karibu kilo mia. Akamwomba Uwesu amwache abebe madogo madogo kwa kukumbatia.

"Unataka kuubeba mtumba kama mtoto mchanga?" Uwesu akasema. "Na ziwa utaupa?"

Tukacheka mpaka machozi. Mwinyimvua akanigeukia mimi. "Zaka, wewe wanakusikiliza. Waambie. Ni miguu yangu hii."

Kweli wananisikiliza. Ningesema neno moja, yangeisha pale pale. Nikasema, "Mila ni mila, kaka."

Akakaza mkanda, akachuchumaa, akalikumbatia robota la mapazia, akasimama nalo. Wallahi alisimama nalo, mgongo umenyooka, akapiga hatua tano, na hakuna aliyecheka. Uwesu akamkatiza, "Hapo hata ngazi huzioni, utatuulia watu. Rudisha. Inama kama wenzako."

Zamu ya juu ilikuwa yangu, nikapanda, wakanipandishia robota juu ya gari. Mwinyimvua akaja, akainama. Ule mgongo aliouhesabia wiki sita akaulaza tena mbele yangu, akasubiri nimwambie "haya" ili ajikaze.

Sikusema. Nililiachia tu.

Alitoa sauti moja fupi, kisha akaondoka nalo. Hakulitua, msimdharau! Alipanda ngazi zote, nasi nyuma yake tunapiga miluzi. Alipolitua stoo akasema, "Nimefika," akataka kunyanyuka, miguu ikamkatalia. Haijamkubalia mpaka leo. Tatu humgeuza kitandani asubuhi kabla ya kwenda kwenye mihogo yake, na akirudi jioni humgeuza tena.

Siku ile pale stoo tulimzunguka wanne, tukainama kumnyanyua kama tulivyozoea. Akatukemea pale chini, jasho linamtiririka. "Kunjeni magoti, wajinga nyie! Migongo inyooke. Nisogezeni kifuani."

Tukakunja magoti. Alinyanyuka mwepesi, nawaambia ukweli, tukashuka naye ghorofa zote tatu na hakuna aliyelalamika kiuno. Tatu alikuja na bajaji, tukampakia. Nilimpa shemeji mkono, hakuupokea.

Uwesu akapiga makofi kuturudisha kazini, maana gari lilikuwa bado nusu. Ikawa zamu ya Bryson kupanda juu na yangu kubeba. Nikasogea nyuma ya lori, nikaulaza mgongo.

"Bryson," nikamwambia, "useme 'haya' kabla hujaachia."