Mapacha wa Akko

Kila nikipita nyuma ya buchari za Kiwanjani na kusikia harufu ya matumbo yakioshwa, namkumbuka mbuzi wetu mweupe.

Tumbo lake lilikuwa limevimba. Akko, nyanya yangu, alilipapasa kila jioni huku akitabasamu. "Huyu atazaa mapacha," alisema, akaacha kumkamua ili maziwa yabaki ya watoto. Sisi tukanywa chai ya rangi bila kunung'unika. Lakini mbuzi akazidi kukonda mgongo, akashindwa kuinuka, ikabidi achinjwe. Tumboni hamkuwa na mtoto. Kulikuwa na bonge la karatasi za plastiki, zito, lingali na joto. Akko alilitoa kwa mikono miwili, polepole, kama mkunga.

Mwalimu wetu wa klabu ya mazingira alituambia tusilie tu, tulipeleke bonge lile kwenye baraza la chifu. Nikasimama mbele ya wazee.

"Tunaomba jaa la taka lizungushiwe ua. Mbuzi wetu wanakufa."

Chifu alisema tumeongea vizuri kushinda watu wazima. Watu wote wakatupigia makofi, hata Akko, aliyekuwa amekaa nyuma na wanawake. Kisha chifu akamwambia askari wake aondoe ule uchafu, unanuka.

Askari akalibeba bonge hadi nje, akalirusha ng'ambo ya ua wa miiba uliozunguka uwanja wa baraza. Makofi yalikuwa hayajaisha. Upande ule mbuzi wakaja mbio, wakidhani wametupiwa chakula.