Siku Chepkurui Alipokuwa Karani

Miaka ishirini na miwili Chepkurui alichuna majani chai katika mashamba ya watu, na miaka hiyo yote hakuna aliyewahi kumwuliza kitu mbele ya watu. Asubuhi umande ukiwa bado, aliingia kwenye mstari, plastiki imefungwa kiunoni, kikapu mgongoni, na mikono ikaanza kutembea juu ya michai. Majani mawili na chipukizi. Majani mawili na chipukizi. Kichwa kingeweza kuwa kanisani na mikono iendelee tu.

Halafu yakaja maneno ya mashine.

Ilionyeshwa mara moja katika kituo chao cha majani, huku karibu na Merigi. Watu wawili wanaishika, mmoja huku mwingine kule, inanguruma na kunyoa kila kitu juu ya mchai. Mzee Kipkirui, mwenyekiti wa wakulima wa kituo, aliipenda sana. Akasema Alhamisi, lori likishachukua majani, wakulima wakae chini waamue. Mashine ikikubaliwa, wachunaji watafute kazi nyingine. Chepkurui alijaribu kufikiria hiyo kazi nyingine ni gani, akakosa.

Aliyeleta mchezo wa kuigiza ni Nelvine, msichana wa Kericho aliyezunguka masoko akiigiza na watu wa kawaida. Mchezo wake ulikuwa na sheria moja: akiinua mkono, kila kitu kinasimama, na yeyote anayeona angefanya vizuri zaidi anaingia mwenyewe afanye. Wachunaji wakakutana naye nyuma ya kanisa kufanya mazoezi, wauonyeshe Alhamisi mbele ya wakulima.

"Nani atakuwa karani?" Nelvine akauliza.

Karani ndiye anayepokea majani. Unamwaga kikapu juu ya gunia mbele yake, anapitisha mkono, na akiona majani magumu au vijiti anasema neno moja: "Chambua." Hapo unapiga magoti, unachambua, na foleni nzima inakuangalia.

"Ni Chepkurui," akasema Esnah, rafiki yake wa kutoka upande wa Nyamira. "Huyu anaona kijiti hata kama kimejificha."

"Mimi siwezi kuongea mbele ya wazee."

"Kuongea gani? Si ni neno moja tu!"

Hilo neno moja likamsumbua wiki nzima. Alilijaribu akiosha sufuria. Katika mazoezi alilisema kama mtu anayeomba jirani chumvi, na wanawake wakacheka mpaka wakakaa chini.

Alhamisi lori likachelewa, kama kawaida, na banda la kituo likajaa watu wanaongoja. Wachunaji wakaanza. Wanawake wawili walibeba ubao wakinguruma kwa midomo, hiyo ndiyo mashine. Katika mchezo Esnah akafukuzwa shambani, akaenda zake na kikapu kitupu. Nelvine akainua mkono.

"Nani hapa angefanya tofauti?"

Mzee Kipkirui akacheka akiwa kwa kiti chake. "Tofauti ya nini? Kuchuna ni mikono tu. Hata mimi naweza."

"Basi ingia, mzee," Nelvine akamwambia. "Shamba si hilo hapo?"

Lilikuwa hapo nyuma ya banda, na lilikuwa lake. Esnah akamvalisha kikapu, vijana wakapiga makofi, na mzee akaingia kwenye mstari na koti lake la kanisa.

Chepkurui akamwangalia mikono. Chai mzee alikuwa nayo miaka mingi, lakini waliochuna ni wengine. Mikono ya mzee ilijua ng'ombe. Ilishika machipukizi kwa ngumi nzima na kuvuta kwenda chini, kulia, kushoto, kulia.

"Mzee, unachuna ama unakamua?" Esnah akaita.

Banda lote likaangua kicheko. Hata mzee alicheka, lakini ngumi haikulegea.

Alirudi akitoka jasho, akamwaga majani juu ya gunia mbele ya Chepkurui. Kulikuwa na vijiti na majani makavu, na yale laini yalikuwa yamepondeka kwa ngumi, mengine yakianza kuwa mekundu pembeni.

Chepkurui akapitisha mkono. Alijua neno ni gani. Alijua pia kwamba huyu ndiye aliyekuwa mbele wakati wa kubeba jeneza la mume wake, na kwamba mistari ya shamba la mzee ndiyo iliyomsomeshea yeye watoto. Alimwangalia Nelvine. Nelvine hakuinua mkono.

"Mzee," akasema. Sauti ilitoka ndogo, halafu ikakaa sawa. "Chambua."

Hakuna aliyecheka. Mzee Kipkirui akageuka kumtafuta Gekara, karani mwenyewe, aliyesimama kando ya mizani.

"Hata mimi ningerudisha," akasema Gekara.

Mzee akavua koti. Akapiga magoti kwenye gunia, akatoa kijiti kimoja, akatoa cha pili. "Na hii?"

"Kunja hapo kwa shina," akasema Chepkurui. " Ikivunjika mara moja ni laini. Ikikunjika tu, toa."

Akakunja. Akatoa. Alichambua muda mrefu, na kilichobaki kingeenea ndani ya kofia yake.

"Hii mashine," akauliza akiwa bado magotini, na sasa hakuwa anacheza, "itajua kukunja?"

"Haijui. Inanyoa."

"Na wewe unaangalia saa ngapi, na mikono inakimbia hivyo?"

"Naangalia na vidole, mzee."

Kabla lori halijafika, wakulima wanane wengine waliomba kikapu. Walitoka shambani wakapanga foleni mbele ya Chepkurui, na wote wanane wakaambiwa wachambue. Kufika kwa yule wa mwisho, sauti ya Chepkurui ilikuwa ya karani kabisa.

Wakulima wakaamua mashine ingoje mwaka mmoja. Mwaka mmoja si milele, na Chepkurui alilijua hilo. Lakini alitembea kwenda nyumbani mgongo umenyooka, akapita watu wawili barabarani waliomsalimia, "Chamgei, Karani," naye akaitikia kama jina ni lake la siku zote.

Jumatatu, umande ukiwa bado, sauti ikatoka mstari wa pili.

"Karani! Kuja uone hii."

Alikuwa Mzee Kipkirui, na safari hii kiganja chake kilikuwa wazi, machipukizi matatu yamelala juu yake. Chepkurui akachukua la kwanza, akakunja, likavunjika. La pili likavunjika. La tatu likakunjika tu. Akalitupa chini kati ya michai, akarudi mstarini kwake, na huko nyuma akamsikia mzee akicheka peke yake.