Malengelenge ya Mjukuu Wangu na Kopo la Shangazi Yake

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, mnaojua kila kitu kwa sababu simu imewaambia, kaeni niwape habari. Mimi shule niliiacha mapema, lakini upumbavu ukiingia sebuleni kwangu nautambua.

Mjukuu wangu alizaliwa hapa Timbwani na ngozi isiyotaka kuguswa. Ukimnyanyua kwa makwapa, makwapa yanatoka malengelenge. Alipoanza kutambaa, magoti yakawa kama yamemwagiwa uji wa moto. Binti yangu, anayeuza vipodozi kwa simu, akatoa hukumu bila kuombwa.

"Mama, huyu wifi anamuunguza mtoto kwa maji. Arudishwe kwao!"

Mwanangu, baba wa mtoto, dume zima linalofanya kazi bandarini, likainamia vidole vyake vya miguu. Tayari alikuwa anaulizia nauli ya kumpeleka mkewe kwao. Mkamwana wangu naye, maskini, akawa anamwogesha mtoto mlango wazi, ili majirani washuhudie kwamba maji ni ya baridi.

Nikawachukua, mama na mtoto, tukaenda hospitali. Daktari akaniuliza kama nalijua koti lenye bitana. Nikamwambia, mimi ni mzee, si mshamba.

"Basi, bibi, ngozi nayo ina tabaka la juu na la chini, na kuna nyuzi ndogo sana zinazolishikiza la juu. Nyuzi hizo ni kolajeni. Za huyu mtoto zina kasoro tangu tumboni. Akisuguliwa kidogo tu, la juu linaachia, maji yanajaa katikati."

"Kaitoa kwa mamake?"

"Kwa wote wawili. Kila mzazi ana jeni mbili za uzi huo, moja nzima na moja mbovu. Ile nzima inamsitiri. Mtoto amepewa mbovu zote mbili."

Dawa ya kuumaliza ugonjwa hakuwa nayo, alisema. Akatufundisha kutunza vidonda, kumbeba na kumvisha.

Nyumbani, binti yangu kusikia tu neno kolajeni, mbio chumbani, akarudi na kopo.

"Si mngeniambia mapema! Kolajeni ya unga ninayo, wateja wangu wanang'aa. Vijiko viwili kwenye maziwa yake."

"Na wateja wako wakinywa supu ya miguu ya ng'ombe, huota kwato?"

"Aa, Mama!"

"Tumbo litaisaga kama maharagwe. Fundi wa uzi ndani ya mtoto ndiye mbovu, hata ummwagie gunia."

"Lakini ugonjwa ni wa kwao wifi. Sisi kwetu hakuna."

"Wa kwao na wa kwetu. Kaka yako anayo hiyo jeni, na wewe huenda unayo, umeipaka poda tu."

Akalifunika kopo lake. Tangu aanze biashara, wallahi, sikuwahi kusikia mlio wa kifuniko mtamu namna ile. Mwanangu akataka kucheka, nikamtazama, akaacha. Mkamwana alikuwa amesimama mlangoni, nguo zake zimepangwa kwenye mfuko, tayari kwa safari ya kwao.

Nikawaambia wote: "Sikilizeni. Mtoto huyu habebwi kwa makwapa. Weka mkono chini ya makalio na mwingine mgongoni. Plasta ya kunata isimguse. Nguo avishwe mishono ikiwa nje. Na wewe, mwanangu, chukua huo mfuko wa mkeo, urudishe nguo kabatini, moja moja, sote tukikutazama."