Beseni la Mwenyekiti

Kwa miaka mingi niliamini, tena kwa moyo wote, kwamba wafalme wa zamani wa Ulaya hawakuwahi kufa kwa maradhi. Walinyweshwa dhahabu iliyosagwa na unga wa maiti waliokauka, wakawa hawaugui. Upanga tu ndio uliowaweza. Aliniambia mwenzangu wa shule ya jioni pale Richardson, nami nikausambaza uvumi huo Texas nzima mpaka ng'ombe wakaujua.

Darasani tulisoma pia kwamba mtu aliyeogopwa ikulu ni yule aliyemhudumia mfalme chooni. Mawaziri walimbembeleza awaambie tumbo la mtukufu limeamkaje. Nilicheka hadi mbavu zikaniuma. Kisha mjomba akaugua, mtu huyo nikawa mimi.

Mjomba alikuwa mwenyekiti wa chama chetu cha Waafrika Mashariki, na uchaguzi ulikuwa mlangoni. Nyumbani kwake Mansfield kazi yangu ilikuwa kushika beseni. Harufu yake, jamani, ingesimamisha treni kule mtaa wa Vickery Meadow, maili nyingi kutoka hapo! Na ndani mlikuwa na damu.

"Ukisema, nimekwisha," alinionya. "Waambie nina mafua."

Wageni wakaja na masufuria ya pilau. "Mwenyekiti, unang'aa!" walimwambia, leso puani. Wakitoka hapo, wananivuta jikoni. Katibu wa chama alikuwa anatafuna paja la kuku aliloletewa mgonjwa.

"Mwanangu, choo chake kikoje? Nichukue fomu au ningoje kidogo?"

Mafuta yalimchuruzika kidevuni. Nimeogesha wazee wa watu hapa Marekani, nimefua mashuka yasiyosimulika, lakini kilichonitapisha ni kidevu kile. Nilitapika kweli, kwenye sinki, naye akasogeza sahani yake pembeni na kuendelea kula.

Dada yangu, nesi, alifika kutoka kazini akaliona beseni kabla sijalifunika.

"Hii tangu lini? Mjomba, vaa koti. Hospitali."

"Na uchaguzi, mwanangu?"

"Watachagua. Ingiza mkono."

Garini nilimfariji mjomba kwa habari za wafalme na dhahabu yao. Dada hakugeuza hata shingo.

"Walikufa kwa magonjwa kama watu wengine," alisema. "Dhahabu haikuwaponya. Waganga wao waliwatoa damu na kuwapa zebaki, wakazidi kuumwa. Acha kumdanganya mjomba."