Mama Namba na Simu ya Kuzungusha

Mtaa mzima ulimwita Mama Namba, kwa kuwa alikuwa opereta wa simu pale posta. Enzi hizo ukiinua mkonga unamsikia yeye: "Namba?" Unamtajia, anachomeka waya kwenye ubao wake, unaongea na umtakaye. Ukijivuta kidogo, utamsikia! Mdomo ule haukuwa wa mchezo.

Alianza kazi msichana mbichi, wakoloni wakimfokea kama vile yeye ndiye aliyekata nyaya. Siku bendera yao iliposhushwa, kila mtu alitaka kuongea na ndugu yake kwa wakati mmoja. Alichomeka na kuchomoa huku machozi yakimtiririka, na hakuna aliyejua, maana sauti haikutetereka. Baadaye wakaja wakubwa wapya, nao wakamfokea vilevile. Alicheka peke yake mpaka mbavu zikamuuma.

Mume alimpata humohumo kwenye waya. Kuna seremala mmoja alikuwa akipiga kila asubuhi kutoka karakana. "Opereta, naomba saa." Jamani, karakana yao ilikuwa na saa ya ukutani kubwa kama sinia! Mama Namba alilijua hilo fika, akamtajia saa kila siku mpaka jamaa akapeleka posa.

Kisha ikaja mitambo ya kujiendesha. Ubao ukang'olewa, watu wakaanza kuzungusha namba wenyewe. Mama Namba akastaafishwa, akaagwa kwa soda na simu mpya ya mezani. Aliifunika kitambaa, akanuna. Wanae ndio walioitumia. Yeye aliapa hatajibizana na kopo lililomnyang'anya kazi.

Mchana mmoja, wanae wakiwa makazini, mumewe alishika kifua akaenda chini. Mama Namba aliruka, akatupa kitambaa huko, akanyakua mkonga.

"Nipe hospitali, haraka!"

Simu ikanguruma tu.

"Hospitali nimesema! Wewe uliye zamu, umelala? Mume wangu anakufa!"

Miaka yote ile aliwaunganishia watu wakunga, zimamoto, madaktari. Leo zamu yake ya kuomba imefika, na upande wa pili hakuna mtu. Kule sakafuni, jasho likimvuja, mzee akajitahidi kufungua kinywa.

"Mama watoto... unamsubiri nani? Aliyekuwa anajibu hapo ni wewe."

Hapo akili ikamrudia. Namba ya hospitali aliijua kama jina lake. Akaingiza kidole kwenye tundu, akazungusha, akasubiri irudi, akazungusha tena, huku akiibembeleza ile mashine kama mtoto mgonjwa. Ikaita. Ikapokelewa. Gari la wagonjwa likaja, mzee akawahiwa.

Mungu akampa mzee miaka mingine mingi, na Mama Namba hakuona haya kusema kwamba anashukuru kwa yote: kwa posta, kwa ubao, hata kwa lile kopo, ambalo sasa analifuta vumbi kila asubuhi kabla hajajifuta uso.

Kutoka kitandani mzee huita, "Opereta, naomba saa."

"Saa iko ukutani, na macho unayo!" anafoka kutoka jikoni.

Kisha anaacha vyombo, anakwenda mpaka mlangoni, anamtazama akipumua, anamtajia.