Bevvy ya Mjomba

Juzi, kwenye mlango wa baa moja mjini Irving, niliona neno bevvy limeandikwa kwa chaki. Hasira ya zamani ikanipanda.

Siku ile ya utotoni nilikuwa nimeshavaa nguo ya kuogelea, nyayo zinaungua kwenye saruji ya uani kwetu, mjini Garland. Mjomba Festo, aliyewahi kuishi Uingereza, alikuwa ameahidi kunipeleka kwenye bwawa. Badala yake alikaa kando ya jiko la nyama, ananuka moshi na bia, akimfundisha mama kwamba alichokunywa ni bevvy tu.

“Dada, bevvy ni neno la mitaani la Waingereza. Wamelikata tu kutoka beverage, kinywaji. Hata maziwa ni kinywaji!”

Kila akimaliza maelezo alifungua kopo jingine la bia, tsss, akaanza upya. Mama alishika funguo za gari. Nikadhani hajaelewa. Kwa akili yangu, ukishajua neno limetoka wapi, ubishi umekwisha.

“Mama, ni beverage tu!” nilipiga kelele. “Kama juisi! Twende!”

Mama alizisokomeza funguo kwenye sidiria.

“Neno lilikotoka nimeelewa, kaka,” alisema. “Mwanangu hatoki na wewe.”