Inamisi

Juzi fundi wa Misugusugu alisikiliza injini ya gari langu, akasema, "Dada, inamisi." Nilicheka, kisha nikakasirika upya.

Baba alikuwa na gari la spoti la zamani, jekundu, la milango miwili, na hakutaka fundi yeyote aliguse. Jumapili moja, nilipokuwa mdogo, alituahidi kutupandisha vilima vya Kisarawe. Mimi na mama tulitoka kanisani tukakaa barazani na nguo zetu nzuri, tukisubiri. Baba alifungua plagi, akazipiga msasa, akazirudisha, akawasha. Gari lilitetemeka, likakohoa, uwanja mzima ukanuka petroli. Akazima, akaanza tena. Chapati za safari tukazila palepale.

"Baba, lina nini?"

"Inamisi," alisema, kichwa kikiwa ndani ya boneti.

Leo najua silinda moja ilikuwa haichomi. Siku ile neno hilo nililijua kwa shangazi tu, aliyekuwa akipiga simu kutoka Moshi kusema amenimisi. Nikalionea gari huruma.

"Inammisi nani?"

Baba hakunisikia. Mama ndiye aliyejibu, huku akivua viatu vyake vya kutokea.

"Siyo sisi, mwanangu."